Jina Lililodondoka Mtendeni

Jina la Ngelela lilidondoka ukutani Jumatatu ya pili ya Desemba, saa moja na dakika ishirini asubuhi, na aliyeliona likidondoka ni kitukuu chake mwenyewe, Mama Dafrosa, mwenyekiti wa kamati ya Ukumbi wa Wapagazi.

Mama Dafrosa hakuja kukagua ukuta. Alikuja kumfuata mbuzi wake. Mbuzi yule mwekundu, mtundu kupita kiasi, alikuwa na siku nne za kukata kamba na kukimbilia ukumbini kulamba ukuta wa mbele, kana kwamba kwake hapewi majani. Mama Dafrosa akamchapa kofi la mgongoni, akainua macho, na papo hapo uso wa jiwe ukabanduka kama ukoko wa sufuria. Herufi saba zikaanguka miguuni pake na kuvunjika.

"Yesu na Maria!" akapiga kelele. "Babu ameanguka!"

Kufikia saa mbili Mtendeni nzima ilikuwa pale, wengine na miswaki mdomoni. Na walikuwa na haki ya kuja. Ukumbi ule ni wa watu wenyewe. Umejengwa kwa ajili ya Wanyamwezi waliobeba pembe, vitambaa na chumvi mabegani kutoka pwani hadi Ujiji, wakaifanya Tabora iwe Tabora. Miaka yote habari zao zilikuwa za mdomo tu. Safari hii familia zilileta majina, majina mia moja arobaini na nane, yakachongwa kwenye jiwe la chokaa lenye rangi ya ganda la karanga. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi ileile, na sare zilikwishashonwa.

Josepha Nimbona alipenya katikati ya watu akiwa na nyundo yake ndogo. Alikuwa fundi mawe, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Ulyankulu, na aliyelichagua jiwe lile alikuwa baba yake, Mzee Dismasi. Alipitisha kiganja ukutani. Kikarudi na unga mweupe. Akagonga: bu! Akaenda kwenye ngazi na ubavu wa kushoto, ambako aliweka mawe kwa mikono yake mwenyewe. Akagonga: ngee! Sauti ikasafiri hadi barabarani.

"Ngazi ni mzigo wa kwanza, wa Agosti," alimwambia Mama Dafrosa. "Huu ukuta ni mzigo wa pili?"

"Wa pili. Ulifika stesheni Alhamisi ya mwisho ya Oktoba. Wewe ulikuwa Urambo kwenye msiba wa rafiki yako. Mafundi wa Modest ndio walioweka."

Modest alikuwa mkandarasi. Naye alikuwepo, kaegemea toroli, uso umemshuka.

Hapo akafika katibu wa kamati, Mwalimu Ezekia Mihayo, mstaafu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata muhogo. Hakuuliza kitu. "Twendeni ofisini," alisema. "Jumamosi kwenye kikao tulikubaliana leo tulinganishe ukuta na jiwe la mfano. Basi tulinganishe, tujue mbivu na mbichi."

Jiwe la mfano lilikuwa kipande cha ukubwa wa mkate, kilichokatwa siku jiwe lilipochaguliwa. Mzee Dismasi alichonga juu yake majina ya wanakamati wanne: Dafrosa, Ezekia, Modest, na la kwake. Lilikaa kwenye kabati la ofisi, chini ya kufuli. Saa mbili na robo kufuli likafunguliwa, zima, halina hata mkwaruzo. Ndani mlikuwa na vumbi, na mraba safi mahali jiwe lilipokuwa.

"Nani ana funguo?" Josepha aliuliza.

"Mimi na Modest," Ezekia alijibu. "Lakini baba yako huwa anapumzika humu mchana peke yake, na funguo yangu huwa inaning'inia pale msumarini. Tusemezane ukweli, Josepha. Mzee ana mtoto wa jicho, haoni. Ama walimdanganya machimboni, ama alikubali kudanganywa. Sasa kaficha ushahidi. Na nikwambie, mtu asiye na babu kwenye ukuta huu atajali nini wakianguka babu wa wenzake?"

Josepha alihisi damu inampanda kichwani. Baba yake aliingia Ulyankulu, mkimbizi kutoka Burundi, akiwa mtoto wa miaka kumi, mwaka sabini na mbili, ameshikwa mkono na dada yake. Kila shimo la choo, kila darasa, kila kanisa la kule lina jasho lake. Cheti chake cha uraia kimekunjwa ndani ya Biblia. Na bado mtu mzima anaweza kusimama asubuhi na kumwambia hana babu!

"Neno hilo utalirudisha, Mwalimu," alisema.

"Nitalirudisha jiwe likionekana. Napiga simu polisi sasa hivi. Na mfanye haraka, Jumatano nina shughuli ya kubariki kaburi la babu yangu kule Lusu, sina muda wa mizunguko."

*

Sajenti Najiat alifika saa tatu kamili. Alikuwa mwanamke mfupi wa mjini hapa, mpole wa sauti, mgumu wa macho. Alimkuta Mzee Dismasi kwenye kigoda nyumbani kwake, anamenya karanga kwa kupapasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuuliza. Wewe ndiye uliyechagua jiwe la ukuta?"

"Nililolichagua mimi halibanduki."

"Lakini limebanduka."

"Basi si langu," alisema mzee, akaendelea na karanga zake.

Ndivyo alivyo, akishasema amesema. Ikambidi Josepha aeleze. Kamati ilipotaka jiwe, mzee aliletewa vipande tisa kutoka machimbo tisa, vyote vya rangi ileile, vizuri vyote. Wanakamati walitaka kuchagua siku ileile kwa macho. Mzee akagoma. Alivipima kwenye mizani ya kupimia asali, akavilaza majini siku saba, akavipima tena. Viwili vilikuwa vimekunywa maji kama ngamia, akavitupa nje. Vilivyobaki akaviacha juani na mvuani masika mawili mazima. Kimoja kikaota ukungu, vingine vikachanika au vikamomonyoka pembe. Kilichosalia ni kimoja, jiwe la upande wa Kigoma, gumu, halinywi maji, ukiligonga linaitika. Likaletwa kwa treni.

"Na mzigo wa pili ulifika stesheni akaukagua yeye mwenyewe," Josepha alimalizia. "Jiwe moja moja, kwa nyundo na sikio. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa."

"Kuna shahidi?"

"Kuna alama. Kila jiwe baba analolipitisha analipiga patasi mara tatu tumboni, upande uliolala chini huko ardhini. Jiwe hulazwa lilivyolala, la sivyo linachoka upesi. Alama inakaa chini, ukishajenga haionekani. Nimegeuza mawe yaliyobaki pale ukumbini. Hayana."

Sajenti akaandika, akafunga daftari. "Alama hiyo nani mwingine anaijua?"

"Mimi na yeye."

"Kwa hiyo shahidi wa baba ni binti, na shahidi wa binti ni baba. Dada, mahakamani watanicheka." Akasimama. "Mwalimu Ezekia ameandika malalamiko rasmi. Jumatano saa kumi jioni nachukua maelezo ya mzee kituoni, na akiingia pale sidhani kama atatoka siku ileile. Ukiwa na cha kunionyesha, nionyeshe kabla."

Alipoondoka, Josepha alimwangalia baba yake.

"Josepha," mzee alisema taratibu, "sogeza kikapu. Wewe umeliuliza lile jiwe, au umewauliza watu tu?"

*

Saa nne na nusu Josepha alikuwa amembana Modest nyuma ya rundo la kokoto. Ni yeye mwenye funguo, ni mafundi wake waliojenga, na tangu asubuhi alikuwa hatazami mtu usoni.

"Kaka Modest, mawe ya mzigo wa pili hukuyaona tofauti?"

"Niliona," alisema, akashusha pumzi. "Mafundi walilalamika. Patasi inaingia kama kwenye muhogo, walisema. Nikampelekea katibu. Akanijibu Mzee Dismasi ameshayapitisha stesheni."

"Mbona hukumwuliza baba mwenyewe?"

Modest akacheka kwa uchungu. "Wewe ungemwuliza? Mwaka jana nilimwuliza mara mbili juu ya jiwe moja, akaninyang'anya nyundo mbele ya vibarua wangu! Nani arudie? Sote tunamwogopa, Josepha. Akishasema, imekwisha."

Hilo lilimwingia Josepha, maana lilikuwa kweli tupu. Heshima waliyompa mzee ndiyo iliyowafunga midomo.

"Na jiwe la mfano?"

"Funguo yangu hii hapa, haijatoka shingoni. Nikague ukitaka."

Josepha hakumkagua. Alikwenda kwenye mawe yaliyobaki, akachuchumaa, akayageuza tena. Safari hii hakutafuta alama ya baba yake, alitafuta chochote. Jiwe la nne lilikuwa na doa duara ubavuni, ukubwa wa shilingi. Akachokonoa kwa msumari. Likatoka plasta ya saruji iliyochanganywa na unga wa jiwe, na ndani yake tundu lenye kutu. Tundu la bawaba ya mlango. Nyuma ya jiwe lingine kulikuwa na utando wa chokaa ya kupaka ukuta, ya zamani, imekuwa manjano.

"Tangu lini machimboni kukawa na milango?" alijiuliza kwa sauti.

Mawe haya yalitoka kwenye jengo lililobomolewa, yakakatwa upya kwa kipimo cha ukumbi. Na aliyeyakata alikijua kipimo hicho kabla mzigo haujafika.

*

Vedasto, dereva wa lori aliyebeba mzigo kutoka stesheni, alipatikana saa nane mchana anakula wali maharage kwenye kibanda. Alipomwona Josepha aliacha kijiko.

"Ulipakia Alhamisi saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Ukashusha Mtendeni saa ngapi?"

"Saa… saa kumi na moja."

"Muongo. Daftari la saiti linasema Ijumaa saa tatu asubuhi. Mwendo wa robo saa uliutumia usiku kucha, ulikuwa unasukuma?"

Wenzake wakacheka. Vedasto akamvuta pembeni. Alikuwa mtu mzima, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Dada, nisikilize. Mke wangu alishikwa uchungu jioni ile. Hapohapo ikaja meseji kwenye simu yangu kutoka ile simu ya kamati: barabara ya Mtendeni ina tope, acha lori kwenye uwanja wa maghala ya zamani nyuma ya stesheni, funguo weka chini ya kiti, leta kesho. Nikasema Mungu kanionea huruma. Nikakimbilia hospitali. Asubuhi nakuta turubai limefungwa, lakini si fundo langu. Mimi nafunga la kuvuta, lile lilikuwa la kukaza. Nikajua mtu kaligusa. Mawe nikayakuta, rangi ileile, idadi ileile. Nikanyamaza."

"Siku ile kulikuwa na tope?"

Vedasto akafikiri, akashika kichwa. "Mvua ilikuwa haijaanza."

Simu ya kamati hukaa mezani ofisini. Walioifikia ni walewale: Ezekia, Modest, na baba yake asiyeona kuandika meseji. Josepha akamtazama Vedasto. "Mtoto gani?"

"Wa kike. Tumemwita Inamahoro, jina la amani."

"Hongera. Mawe yetu yakipatikana nitahitaji lori lako, na bahati yako mbaya nitalihitaji bure."

*

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi alirudi ukumbini peke yake. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, majina mengine manne yalikuwa chini. Na mbuzi mwekundu alikuwepo. Kakata kamba tena, anaulamba ukuta kwa raha zake, macho kayafumba.

Josepha akamwangalia. Mbuzi akatembea hadi kwenye ngazi, akanusa, akapita. Akarudi ukutani, akalamba.

Loo! Siku tano mbuzi anatoa ushahidi na watu wazima wanampiga makofi!

Josepha alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama akaulamba ukuta wa Ukumbi wa Wapagazi. Akatema. Chumvi! Chumvi kali, ya kukunja uso. Unga ule mweupe haukuwa wa saruji. Mawe yalikuwa yameshiba chumvi miaka na miaka, na mvua ilipoyalowesha, chumvi ikatafuta njia ya kutoka na kuubandua uso wa jiwe.

Tundu la bawaba, chokaa ya zamani, chumvi. Jengo lenye milango, lililowekwa chumvi miaka mingi. Alikwenda moja kwa moja kwenye maghala nyuma ya stesheni. Ghala la tatu halikuwa na kuta. Lilibaki msingi tu, na juu ya msingi unga wa msumeno, rangi ya ganda la karanga.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo jirani hakusubiri kuulizwa mara mbili. "Hilo? Lilikuwa ghala la chumvi la Mihayo, tangu enzi za Mjerumani. Chumvi ya Uvinza yote ilipita humo. Septemba mjukuu wake kalibomoa, Mwalimu Ezekia. Akaleta mashine ya kukata, wiki tatu hatulali kwa kelele."

Josepha akakaa kwenye msingi. Alikuwa na mawe mabaya na alijua yalikotoka. Mawe mazuri yalikuwa wapi? Maneno ya Ezekia ofisini yakamrudia: kubariki kaburi la babu yangu kule Lusu. Akainuka, akampigia Sajenti.

*

Jumatano saa tano asubuhi gari la polisi liliingia Lusu, lori la Vedasto nyuma yake. Walikuwemo Sajenti Najiat, Mama Dafrosa, Josepha na Mzee Dismasi aliyevaa koti lake la Krismasi. Ukoo wa Mihayo ulikuwa umekusanyika, watu kama sitini, ubani umeshawashwa. Na kaburi, jamani, lilikuwa zuri. Lilikuwa kubwa kama chumba, lina ngazi tatu na nguzo nne, lote la jiwe la rangi ya ganda la karanga. Jua lilikuwa limelipiga na lenyewe linalirudisha taratibu.

Ezekia alisimama mbele yao. "Sajenti, hata kaburini?"

"Mwalimu, mawe haya yametoka wapi?"

"Nimenunua. Mawe ya rangi hii yako tele nchi hii. Mtu na kitu chake."

"Unamruhusu mzee ayaguse?"

"Kipofu? Kaburi la babu yangu si ngoma ya kupigwapigwa."

Sauti ikatoka chini ya turubai. Ilikuwa ya Bibi Recheli, mama yake Ezekia, ajuza wa miaka themanini na tisa. "Mwache agonge. Mkwe wangu Mihayo hakuwa na siri kaburini wala nje ya kaburi."

Mzee Dismasi alivua kofia. "Marehemu, unisamehe," alisema. Akagonga nguzo kwa nyundo: ngee! Akagonga ngazi: ngee! Watu wakatazamana. Alizunguka kaburi lote, sikio limeinama, na Josepha aliona mgongo wa baba yake unanyooka jiwe kwa jiwe.

"Haya ni yangu," alisema.

"Sauti!" Ezekia akacheka. "Sajenti utapeleka sauti mahakamani?"

"Mwalimu," Josepha akaingilia, "hii alama kwenye jiwe la juu, hizi patasi tatu hapa, unajua ni za nini?"

Ezekia akatupa jicho. "Mikwaruzo ya machimboni. Ipo kwenye mawe yote, mafundi walishindwa kuificha."

"Kwenye mawe yote, umesema. Sajenti, fungua daftari lako la Jumatatu."

Sajenti akafungua. Akasoma polepole, watu wote wakisikia: kila jiwe linalopitishwa na Dismasi Nimbona lina patasi tatu upande wa tumbo, linapojengwa alama hulala chini.

"Fundi anayejua kazi angelaza alama chini na leo tusingeiona," Josepha alisema. "Mafundi wako hawakujua jiwe lina tumbo na mgongo. Wameyalaza chali. Na mawe ya ghala la babu yako, Mwalimu, yako Mtendeni yanatema chumvi. Mbuzi wa Mama Dafrosa amekuwa akisema tangu wiki iliyopita. Yalikatwa Septemba kwa kipimo cha ukumbi, kipimo kilichokuwa kwenye faili lako. Vedasto alitumiwa meseji ya tope siku ya jua kali. Modest alipoleta malalamiko ulimzima kwa jina la baba yangu. Na Jumamosi Mama Dafrosa alipotaja jiwe la mfano, likatoweka kabla ya Jumatatu."

Ezekia alitazama kaburi, akamtazama mama yake, na lile shati lake likaonekana limemzidi ukubwa ghafla.

"Niliomba jina moja," alisema. "Moja tu! Nikaambiwa Mihayo hakubeba, alibebewa. Ukuta ni wa wapagazi, si wa wenye chumvi. Mama Dafrosa, ni wewe uliyesema hivyo, mbele yangu. Babu yangu aliwalisha hao wapagazi wakati wa njaa kuu! Nikasema sawa. Kama jina lake halifai ukutani, mawe ya ghala lake ndiyo yatakayobeba majina yenu, mtake msitake, na yeye atalala kwenye jiwe lenu bora. Nilijua nimewapa jiwe kwa jiwe. Rangi ni ileile. Chumvi… sikujua jiwe linakumbuka chumvi."

"Na baba yangu? Yeye alikukosea nini?"

Ezekia aliinama kwenye mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga, akakiweka mikononi mwa Mzee Dismasi. Mzee akapapasa, kidole kikapita kwenye herufi, moja moja, hadi EZEKIA MIHAYO.

"Nilikwenda nalo mpaka bwawani nilitupe," Ezekia alisema. "Nikashindwa. Ndilo jiwe pekee lililochongwa jina la kwetu. Mzee, neno nililosema Jumatatu, la babu… nalirudisha."

"Nimelipokea," alisema Dismasi.

Bibi Recheli alisimama kwa fimbo yake. "Mihayo hakulala na kitu cha wizi hata siku moja. Hatalala nacho leo. Bomoeni."

"Mama, kaburi—"

"Nimesema bomoeni! Tutamjengea kwa udongo wa Lusu, ndiko alikozaliwa."

Basi wakabomoa, kwa adabu, Mzee Dismasi akiwaelekeza wapi waingize mtaimbo ili jiwe lisiumie. Lori lilikuwa barabarani, mbali kidogo, tope haliruhusu. Kwa hiyo ukoo mzima wa Mihayo ukabeba, wajomba, shangazi, wakwe, jiwe begani, mstari mmoja kutoka kaburini hadi kwenye lori. Mmoja akaanza kuimba kibwagizo cha zamani cha kubebea, wengine wakaitikia. Mama Dafrosa aliwaangalia mpaka machozi yakamtoka. Ezekia akamwomba Sajenti ruhusa, naye akabeba moja kabla ya kupanda gari la polisi. Alilishika kwa mikono miwili, tumbo chini.

*

Ukumbi ulifunguliwa Machi, mvua zikiwa hazijaondoka. Ukuta wa mbele aliuweka Josepha mwenyewe, na kila fundi wa Modest aliruhusiwa kuuliza mara mbili, mara tatu, mara kumi. Hilo lilikuwa sharti la Josepha, na mzee alilikubali kwa kununa. Majina yalikuwa mia moja arobaini na nane. Ngelela alirudi mahali pake. Mama Dafrosa, aliyekuwa amefikiri sana tangu Lusu, aliweka kibao kidogo pembeni chenye majina ya waliowalisha wapagazi njiani, na la kwanza lilikuwa la Mihayo.

Kamati ilitaka kuchonga na jina la Dismasi Nimbona juu ya mlango. Mama Dafrosa alimwambia mbele ya watu wote, kipaza sauti mkononi.

"Hapana, mama," mzee akajibu, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Mimi nimo. Niko chini ya kila babu wa Tabora, patasi tatu tatu. Kama wao wako juu, ni mimi niliyewabeba."

Watu wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka. Josepha alimshika baba yake mkono.

Katikati ya shangwe mbuzi mwekundu akatokea, kamba inaburuzika. Watu wakampisha. Akaukaribia ukuta, akanusa jina la Ngelela, akatoa ulimi, akalamba mara moja. Akasimama. Kisha akageuka, akaenda zake kutafuta majani. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Wanacheka nini?" Mzee Dismasi aliuliza.

"Mbuzi, baba. Kaulamba ukuta, kauacha."

Mzee akatikisa kichwa, ameridhika. "Vizuri," alisema. "Mkaguzi kapitisha. Sasa nipeleke nikale."